Siri ya Mwili na Siri ya Taasisi: Lugha ya Habari za Maradhi na Majeraha kutoka Bukoba na Muleba, 1962–2016

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya namna mwili wa mgonjwa na wa mwanamichezo ulivyosimuliwa katika habari zilizotoka Bukoba na Muleba, mkoani Kagera. Matukio matatu yanachunguzwa: ugonjwa wa kucheka wa Kashasha mwaka 1962, kutambuliwa kwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini katika Hospitali ya Ndolage mwaka 1983, na kifo cha mchezaji kijana katika Uwanja wa Kaitaba mwaka 2016. Hoja kuu ni kwamba masimulizi ya matukio haya yamefichua siri ya mwili, ambayo ni mali ya mgonjwa, kuliko yalivyofichua siri ya taasisi, ambayo umma una haki ya kuijua. Inaelezwa pia kwamba Kiswahili chenyewe kina msamiati na methali zinazoweza kutusaidia kuzitenganisha siri hizi mbili.

Utangulizi

Jumapili ya tarehe 4 Desemba 2016, timu za vijana za Mbao ya Mwanza na Mwadui ya Shinyanga zilikutana katika Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba. Ilikuwa ligi ya vijana walio chini ya umri wa miaka 20, chini ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF). Mchezaji mmoja wa Mbao, aliyekuwa amekwisha kuifungia timu yake bao, aligongana na mpinzani na muda mfupi baadaye akaanguka. Alifariki siku hiyohiyo. Video ya tukio hilo ilisambaa kwenye simu za watu, kisha ikavuka mipaka ya nchi. Baadhi ya vyombo vya habari vya nje viliirusha vikitaja moyo kuwa chanzo kinachoshukiwa. Jina la kijana huyo liliandikwa kwa lugha nyingi. Makala haya hayalirudii, kwa kuwa hoja inayojengwa hapa haihitaji jina lake, na sababu ya kutolihitaji ni sehemu ya hoja yenyewe.

Tukio hilo lilitokea wiki chache tu baada ya Bunge kupitisha, Novemba 2016, Sheria ya Huduma za Habari, inayotaja miongoni mwa wajibu wa vyombo vya habari kutoingilia faragha ya mtu pasipo sababu ya haki. Kabla ya hapo, Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 ilikuwa imekwisha kuweka haki mbili karibu karibu: ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu, na ibara ya 18 inalinda uhuru wa maoni na wa kupata habari. Kwa hiyo sheria hazikukosekana. Kilichokosekana ni mazoea ya lugha ya kuzitimiza sheria hizo. Mwandishi wa habari anapokaa kuandika, hutumia kwanza maneno aliyoyarithi, na maneno hayo yana historia. Makala haya yanadai kwamba, kwa upande wa maradhi na majeraha, sehemu kubwa ya historia hiyo inaweza kusomwa katika eneo moja dogo la magharibi mwa Ziwa Viktoria.

Siri, stara na faragha

Maneno matatu ya Kiswahili yanagusa jambo hili. Neno *siri* hutaja kile kisichopaswa kusambazwa. Neno *stara* hutaja kitendo cha kufunika, hasa kufunika mwili na aibu ya mtu. Neno *faragha* hutaja mahali au hali ya kuwa peke yako, mbali na macho ya wengine. Katika lugha ya sheria ya leo, *faragha* ndilo lililochukua nafasi ya juu. Hata hivyo, kwa mzungumzaji wa kawaida *faragha* ni chumba, ilhali *siri* na *stara* ni mahusiano. Hakuna siri pasipo mtu wa pili anayeijua na kuitunza, na hakuna stara pasipo mtu wa pili anayesitiri.

Methali zinathibitisha jambo hili. Husemwa kwamba aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Methali hii haisemi kwamba aibu haijulikani na mtu yeyote. Inasema yuko mmoja anayeijua kwa sababu ya kazi yake, na kwamba kujua huko kunamfunga. Daktari, muuguzi na mtaalamu wa tiba wa timu wako katika nafasi ya mwosha: wamefunuliwa mwili ili wauhudumie, na ruhusa ya kuutazama haikuambatana na ruhusa ya kuutangaza.

Ipo methali nyingine ambayo mara nyingi hutumiwa kupinga usiri wa kitabibu: mficha maradhi kifo humuumbua. Ikisomwa kwa haraka, inaonekana kuhimiza kila ugonjwa utangazwe. Lakini methali hii inamsemesha mgonjwa, nayo inamtaka afunguke kwa mganga na kwa jamaa wanaoweza kumsaidia. Haimpi jirani ruhusa ya kupita nyumba kwa nyumba akisimulia. Mchezaji anayeficha kizunguzungu baada ya kugongwa kichwa anastahili kuonywa kwa methali hii, lakini gazeti linalochapisha majibu ya vipimo vyake haliwezi kuitumia kama kinga.

Kashasha, 1962: jina lililofichwa na jina lililobaki

Tarehe 30 Januari 1962, wiki saba baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu katika shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Muleba, walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Hali hiyo iliwapata wanafunzi 95 kati ya 159, na shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Wasichana waliporudishwa makwao, hali ikafika Nshamba, ambako watu 217 walipatwa katika miezi ya Aprili na Mei. Mwezi Juni wasichana 48 wa shule ya Ramashenye, karibu na mji wa Bukoba, nao wakapatwa. Madaktari Rankin na Philip waliochapisha taarifa ya kitabibu mwaka 1963 hawakupata sumu katika chakula wala kiini cha ugonjwa katika damu. Hakuna aliyekufa, na walimu hawakupatwa.

Kwa kipimo cha usiri wa kitabibu, taarifa ile ilikuwa safi, kwa maana haikumtaja msichana yeyote kwa jina. Lakini jina la shule na majina ya vijiji yalibaki, na hayo ndiyo yaliyosafiri. Kwa zaidi ya nusu karne sasa, Kashasha inatajwa duniani kote kama kichekesho: kijiji cha Afrika kilichocheka hadi shule ikafungwa. Hempelmann (2007) alilazimika kuandika makala nzima kuonyesha kwamba tukio lile halikuwa na ucheshi wowote. Kicheko kilikuwa dalili moja tu pamoja na kilio, hofu na kukosa utulivu, na mzizi wake ulikuwa dhiki ya akili iliyoenea katika kundi.

Hapa ndipo panapoonekana kwa mara ya kwanza mgawanyo unaotuhusu. Miili ya wasichana, yaani vicheko vyao, machozi yao na kukimbia kwao, ilisimuliwa kwa kina. Mazingira yaliyoielemea miili hiyo, kwa maana ya nidhamu ya bweni, matarajio ya wazazi na walimu, na masomo ya wasichana katika nchi iliyokuwa ikibadilika kwa kasi, hayakupata nafasi sawa katika masimulizi yaliyoenea. Wasichana walipata stara ya jina, lakini hawakupata stara ya hadhi. Shule kama taasisi haikuulizwa sana, kwa sababu kicheko chenyewe kilitosha kuwa habari.

Ndolage, 1983: mahali panapokuwa jina la ugonjwa

Mwaka 1983 wagonjwa watatu katika Hospitali ya Ndolage, iliyopo Kamachumu katika Muleba ya leo, walitambuliwa kuwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Kabla kifupisho UKIMWI hakijaenea, watu wa Kagera waliuita ugonjwa huo *Juliana*, jina la kitambaa kilicholetwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Kwa upande wa historia ya lugha, hili ni jambo la kutafakari. Ugonjwa ulipewa jina la bidhaa ya magendo na starehe, na jina hilo lilikuwa pia jina la mwanamke. Kabla mgonjwa hajapimwa, lugha ilikuwa imekwisha kumhukumu kwa biashara yake, mavazi yake na jinsia yake.

Baadaye Kiswahili cha nchi nzima kiliongeza tafsida na mafumbo yake: *ngoma*, *mdudu*, *kukanyaga waya*. Katika matangazo ya vifo ulizoeleka usemi *baada ya kuugua kwa muda mrefu*. Usemi huo ulikusudiwa kusitiri, lakini msomaji wa miaka ya 1990 aliusoma kama tamko. Tafsida iliyotumika kwa ugonjwa mmoja zaidi ya mingine iligeuka kuwa jina la ugonjwa huo. Somo lake kwa maadili ya habari ni zito: kufunika kwa maneno hakutoshi ikiwa kila mtu anajua kilicho chini ya kifuniko.

Utafiti wa kisayansi ulifuata njia nyingine. Uchunguzi uliofanywa mkoani Kagera mwaka 1987 na Killewo na wenzake uliwahesabu watu bila kuwataja, ukabaini kwamba asilimia 24.2 ya watu wazima wa Bukoba mjini walikuwa na maambukizi. Takwimu hiyo ilikuwa ya lazima, kwani bila hiyo taifa lisingejua ukubwa wa janga. Lakini nje ya jarida la kitabibu, takwimu isiyokuwa na jina la mtu ilikuwa na jina la mji, na mtu aliyesema ametoka Bukoba aliweza kutazamwa kama jibu la kipimo. Kama ilivyokuwa kwa Kashasha, kila mgonjwa alifichwa peke yake na wote wakafichuliwa kwa pamoja. Sheria ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 ililinda usiri wa majibu ya mtu binafsi. Mahali hapana sheria ya kupasitiri.

Ugonjwa huohuo ndio ulioleta, mbali na Kagera, mjadala unaotajwa zaidi kuhusu faragha ya kitabibu ya mwanamichezo. Arthur Ashe, bingwa wa tenisi wa Wimbledon wa mwaka 1975, aliambukizwa kwa damu aliyoongezewa baada ya upasuaji wa moyo mwaka 1983, mwaka uleule wa Ndolage. Aliitunza siri hiyo na familia yake na rafiki wachache. Aprili 1992 gazeti la USA Today lilimuuliza juu ya hali yake, na tarehe 8 ya mwezi huo akalazimika kuitangaza mwenyewe kabla haijatangazwa na wengine. Alikuwa ameacha mashindano tangu 1980, hivyo hakuwa na mechi ambayo afya yake ingeiathiri. Alifariki tarehe 6 Februari 1993. Swali alilowaachia waandishi bado halijajibika kwa urahisi: je, umaarufu wa jana unaufanya mwili wa leo kuwa mali ya umma?

Majeruhi: mtu anapogeuka jeraha

Tofauti na mgonjwa wa Ndolage, mwanamichezo huingia katika habari kwa jina lake kamili na kwa mwili wake. Kazi yake ni mwili unaotazamwa. Hata hivyo, upo wakati yeye mwenyewe huamua jeraha lake lionekane. John Stephen Akhwari alipomaliza mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico tarehe 20 Oktoba 1968, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia, goti lake likiwa limefungwa bandeji, jeraha lile lilikuwa sehemu ya kauli yake. Aliingia nalo uwanjani kwa hiari, na taifa likalipokea kama fahari. Kosa la lugha ya michezo iliyofuata ni kudhani kwamba kila jeraha limetolewa kwa hiari ileile.

Lugha ya kurasa za michezo nchini Tanzania inaonyesha dhana hiyo kwa namna tatu. Kwanza ni neno *majeruhi*. Katika Kiswahili sanifu, majeruhi ni mtu aliyejeruhiwa. Katika habari za soka neno hilo limehama: mchezaji *amepata majeruhi*, au *anasumbuliwa na majeruhi ya goti*. Jina la mtu limekuwa jina la kidonda. Msahihishaji ataliita kosa la msamiati, lakini linasema ukweli fulani kuhusu mtazamo, kwa kuwa katika sentensi hiyo mtu amepotea na kilichobaki ni goti.

Pili ni kitenzi *kuuguza*. Kwa kawaida, anayeuguza ni mtu mmoja na anayeuguzwa ni mwingine. Katika habari za michezo mchezaji *anauguza jeraha* lake mwenyewe. Muuguzi ameondolewa katika sentensi, na pamoja naye umeondoka wajibu wa klabu. Msomaji haulizi ni nani anayemtibu, kwa gharama ya nani, na kama mkataba wake unaendelea kulipwa.

Tatu ni usahihi wa viungo. Habari hutaja nyama za paja, kifundo cha mguu, mishipa ya goti na idadi ya wiki za kupona. Usahihi huu huchukuliwa kuwa ni uandishi bora. Lakini yapo maarifa mawili tofauti hapa. La kwanza ni kwamba mchezaji hatakuwapo katika mechi ijayo. Hilo linamhusu shabiki aliyekata tiketi, na klabu ina haki ya kulisema. La pili ni utambuzi wa daktari. Hilo linamhusu mchezaji, na huweza kupunguza thamani yake katika mkataba ujao au kumwonyesha mpinzani mahali pa kumgonga. Katika zama za kubashiri matokeo kwa fedha, maarifa hayo ya pili yana bei, na mwenye mwili ndiye asiyelipwa. Daktari wa klabu yuko katikati, akiwa ameajiriwa na mmoja na kuaminiwa na mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Haijaondoa utata wa nafasi ya daktari huyo, lakini imeweka wazi kwamba taarifa ina mwenyewe.

Kaitaba, 2016

Tukirudi Kaitaba, tunaweza sasa kuona ni kitu gani hasa kilitokea katika habari. Video ilionyesha siri ya mwili katika hali yake ya mwisho kabisa: mtu akipoteza fahamu mbele ya watu, asiweze kuficha uso wake wala kuomba afichwe. Sababu ya kifo ni jambo la kitabibu ambalo uchunguzi ndio unaoweza kulitaja, na familia ndiyo yenye haki ya kwanza ya kuambiwa. Kutaja moyo kama chanzo kinachoshukiwa, kwa kuangalia video ya sekunde chache, ni kumpima marehemu bila idhini na bila utaalamu.

Wakati huohuo, kamera haikuweza kuonyesha kile ambacho umma ulikuwa na haki kamili ya kukijua. Je, wachezaji wa ligi ya vijana walipimwa afya kabla ya mashindano? Je, uwanjani palikuwa na daktari, gari la wagonjwa na kifaa cha kushtua moyo? Haya hayakuwa maswali mapya. Marc-Vivien Foé wa Kameruni alikuwa amekufa uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, aliyeanguka London tarehe 17 Machi 2012, alinusurika baada ya kuhudumiwa palepale uwanjani, na baada ya hapo dunia ya soka ilijadili sana vifaa vya dharura viwanjani. Majibu ya maswali hayo hayamwaibishi marehemu wala kuidhalilisha familia. Yanaihusu siri ya taasisi, na siri hiyo haina haki ya stara. Taasisi haina mwili wa kuaibika, ila ina wajibu wa kutoa hesabu.

Inafaa kulinganisha na Copenhagen, tarehe 12 Juni 2021. Christian Eriksen alipoanguka, wachezaji wenzake wa Denmark walimzunguka, migongo kwake na nyuso nje, wakatengeneza ukuta wa miili kati yake na kamera. Matangazo ya televisheni yaliendelea kwa muda kuonyesha tukio na kulaumiwa kwa hilo. Kiswahili kina neno sahihi kwa kitendo cha wachezaji wale, nalo ni *stara*. Hawakuficha kwamba Eriksen ameanguka, kwa kuwa dunia nzima ilikuwa imeona, na matibabu yake yaliendelea bila kuzuiwa. Walichoficha ni kile tu ambacho mtazamaji hakuwa na kazi nacho.

Hitimisho

Matukio matatu yaliyojadiliwa yanatofautiana kwa aina ya maradhi, kwa vyombo vilivyoyaeneza na kwa zama. Kashasha ilisafiri kupitia jarida la kitabibu na simulizi za baadaye, Ndolage kupitia takwimu na mafumbo ya mitaani, na Kaitaba kupitia simu. Lakini mkondo wake ni mmoja. Kila mara mwili ulisimuliwa zaidi ya mazingira yake. Kila mara pia mtu aliyedhaniwa kulindwa alifichuliwa kwa mlango mwingine: kwa jina la kijiji, kwa jina la kitambaa, au kwa sura yenyewe.

Hitimisho linalotokana na hayo ni kwamba maadili ya habari za majeraha hayawezi kupimwa kwa swali la kutaja au kutotaja jina peke yake. Swali lililo bora zaidi ni la umiliki: siri hii ni ya nani? Ikiwa ni ya mwili, mwenye mwili ndiye anayeamua, na akiwa hawezi kusema, walio karibu wanapaswa kusimama kama ukuta wa Copenhagen. Ikiwa ni ya klabu, shirikisho, shule au hospitali, mwandishi ana wajibu wa kuifuatilia hata pale taasisi inapojifunika kwa shuka la mgonjwa na kusema haiwezi kujibu kwa sababu ya faragha yake.

Kwa wanaisimu na wanafasihi kazi haiishii katika kuwaachia wanasheria jambo hili. Neno *majeruhi* linahitaji kurudishiwa mtu wake, na kitenzi *kuuguza* kirudishiwe muuguzi wake. Marekebisho hayo yanaweza kuonekana madogo, lakini mwandishi anayeandika kwamba mchezaji amejeruhiwa na anauguzwa hulazimika kujiuliza anauguzwa na nani. Hilo ndilo swali ambalo habari za Kaitaba zilipaswa kuanza nalo.